Miaka 65 Haingoji Kustaafu

Mhadhara kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaokaribia uzee nchini Marekani

Nashukuru kuona mmekuja na vijana wenu, maana mengi nitakayosema leo hayatafanyika mpaka kijana wa nyumbani akae na mzee mezani na karatasi ziwe mbele yao.

Neno langu kubwa ni hili: katika nchi hii kustaafu kuna tarehe yake na Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, ina tarehe yake, na tarehe ya Medicare haiulizi kama umeacha kazi au bado unafanya. Tulikotoka mambo hayakuwa hivyo. Tanzania, mtumishi wa umma akitimiza miaka 60 anastaafu kwa lazima. Kenya nako ni 60. Mwajiri anaandika barua, faili linafungwa, na hata mtu asiyefuatilia mambo yake anajua siku yake imefika. Marekani, katika kazi nyingi, hakuna anayekustaafisha. Na kama hujaanza kupokea pensheni ya Social Security, hakuna ofisi itakayokuandikisha Medicare kwa niaba yako. Unatimiza 65 Jumanne, Jumatano unaamka kwenda zamu kama kawaida, na huku siku zako zimeshaanza kuhesabiwa.

Mkanganyiko huu una asili yake. Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965, mjini Independence, Missouri, akiwa na Rais mstaafu Harry Truman, ambaye ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Huduma zikaanza tarehe 1 Julai 1966. Wakati huo umri wa pensheni kamili ulikuwa 65 na umri wa Medicare ulikuwa 65, kwa hiyo mtu alishughulikia yote mawili kwa safari moja. Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliamua kuusogeza umri wa pensheni kamili pole pole, na leo aliyezaliwa 1960 au baadaye anaupata akiwa na 67. Medicare haikusogezwa. Ikabaki palepale, 65. Kwa hiyo pana miaka miwili katikati, na wengi wetu tunaivuka tukiamini kwamba tunangoja jambo moja, kumbe yalikuwa mawili.

Inaniuma kwa sababu nawajua watu ninaozungumza nao. Wengi wenu hapa mnafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mnawaogesha, mnawalisha, mnawageuza kitandani saa tisa za usiku, na mnajua vizuri nani ana bima ipi na nani anakataliwa nini. Mnaijua Medicare ya watu wengine. Leo tuzungumze ya kwenu.

Tuanze na muundo wenyewe, kwa haraka. Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini. Sehemu B ni ya daktari, vipimo, kliniki, na matibabu ya kwenda na kurudi. Sehemu D ni ya dawa. Hiyo ilianza 2006. Sehemu C, ambayo mnaiona kwenye matangazo ya televisheni kwa jina la Medicare Advantage, ni kampuni binafsi kukupa A na B, mara nyingi pamoja na D, ndani ya mkataba mmoja. Kuna vitu ambavyo Medicare ya kawaida hailipii: meno kwa sehemu kubwa, miwani, vifaa vya kusikia, na kubwa kuliko yote, kukaa miaka katika nyumba ya wazee. Nyinyi mnaofanya kazi humo mnajua ni nini kinacholipia pale: ni fedha ya mtu mwenyewe, na ikiisha ni Medicaid, ambayo ni mpango mwingine kabisa, wa watu wenye kipato kidogo.

Sasa, nani anastahili? Sehemu A inakuja bure, yaani bila malipo ya kila mwezi, kwa mtu aliyefikisha krediti 40 za kazi, au kwa mtu ambaye mume au mkewe anazo. Krediti hizi watu huziita robo, kwa sababu kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne. Mwaka huu wa 2026 kila dola 1,890 za kipato kilichokatwa kodi zinakupa krediti moja. Ukifikisha dola 7,560 umemaliza nne za mwaka. Kwa hesabu hiyo, miaka kumi ya kazi inatosha, na si lazima iwe mfululizo. Aliye na krediti 30 hadi 39 anaweza kununua Sehemu A kwa dola 311 kwa mwezi. Aliye chini ya 30 ni dola 565. Ni tofauti kubwa mno kwa mtu aliyebakiza krediti mbili tu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Chukua karatasi yako ya mshahara. Kuna mstari ulioandikwa Medicare, na pembeni yake makato ya asilimia 1.45. Mwajiri naye anaweka asilimia 1.45 yake. Kama mstari huo upo, krediti zako zinaingia. Lakini kuna ndugu zetu wanaolipwa kwa fomu ya 1099, wanaohesabiwa kama wafanyabiashara wao wenyewe: madereva wa teksi za simu, wasafishaji, na hata watunza wazee ambao wakala amewaambia kwamba hivyo ndivyo watakavyochukua fedha nyingi. Kwa hao hakuna anayekata kitu. Ni wao wenyewe wanaopaswa kutangaza kipato chao na kulipa kodi ya kujiajiri. Asiyetangaza hana krediti, hata kama ameendesha gari miaka 15. Anakuja kuligundua hilo akiwa na 64, wakati ambao miaka kumi mingine ya kazi si rahisi kuipata. Kijana mwenye miaka 40 aliyemleta mzee wake leo, suala hili ni lako kuliko la mzee. Fungua akaunti katika tovuti ya Social Security, uangalie kipato kilichoandikwa mwaka hadi mwaka. Ukikuta mwaka uliofanya kazi umeandikwa sifuri, ulizia sasa, fomu za W-2 zikiwa bado ziko nyumbani.

Kuna imani nyingine inayozunguka kwamba krediti za mtoto zinaweza kumbeba mama au baba aliyeletwa huku uzeeni. Kwa kawaida haziwezi. Krediti za mwenzi wa ndoa ndizo zinazoweza, na hata kwa walioachana zinaweza, kama ndoa ilidumu miaka kumi au zaidi na anayezidai hajaolewa au kuoa tena. Mama aliyelea watoto nyumbani muda wote mumewe alipokuwa kiwandani asiseme hana kitu. Anacho.

Tuje kwenye tarehe. Dirisha la kwanza la kujiandikisha lina miezi saba: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Ukijiandikisha katika ile mitatu ya mwanzo, bima inaanza mwezi wa kutimiza miaka. Ukingoja hadi mwezi wenyewe au ile ya mwisho, inaanza mwezi unaofuata ule uliojiandikisha. Hayo ni kwa mtu wa kawaida. Lakini watu wetu wengi si wa kawaida kwa jambo hili, kwa sababu wamezaliwa tarehe 1 Januari.

Mnacheka kwa kuwa mnajua. Mtu amepita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, au Kakuma, au Dadaab. Mwandikishaji ameuliza tarehe ya kuzaliwa, mzee akasema alizaliwa mwaka ule wa njaa, au msimu wa mavuno, na kalamu ikaandika 1 Januari. Kuna familia zenye baba, mama na watoto watano, wote wa Januari mosi. Sheria za Social Security zinamhesabu mtu kuwa ametimiza umri siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Kwa aliyezaliwa tarehe 1 Januari, siku hiyo ni 31 Desemba. Kwa hiyo mwezi wake wa 65 si Januari, ni Desemba, na dirisha lake lote linarudi nyuma mwezi mmoja. Tumchukue shangazi mmoja wa Louisville ambaye kadi zake zinasema 1 Januari 1962. Dirisha lake linafunguka Septemba 2026. Akijiandikisha kati ya Septemba na Novemba, bima yake inaanza tarehe 1 Desemba 2026, mwezi mzima kabla ya siku anayoiita ya kuzaliwa. Dirisha linafungwa mwisho wa Machi 2027. Akihesabu kama mtu wa Januari ya kawaida ataamini ana mpaka Aprili, na Aprili atakuta mlango umefungwa.

Na kuna wale ambao mwaka ulioandikwa si wa kweli. Mzee ana 68 lakini kwenye karatasi ana 62. Kinachotumika ni kile kilichomo kwenye kumbukumbu za Social Security. Ushahidi wanaoupokea kwa uzito zaidi ni cheti cha kuzaliwa au kumbukumbu ya dini iliyoandikwa kabla mtoto hajafika miaka mitano, kwa mfano kitabu cha ubatizo cha parokia. Kama kitu hicho kipo Bukavu au Kigoma, tafuteni mapema. Ila kabla ya kubadilisha tarehe popote, onaneni na wakili wa uhamiaji, maana tarehe hiyohiyo imo katika faili la ukimbizi na la uraia, na kutofautiana kwake kunaweza kuzua maswali mengine.

Sasa nifike kwenye swali ninaloulizwa kuliko yote: “Mimi bado nafanya kazi na nina bima ya kazini. Nijiandikishe au nisubiri?” Jibu linategemea ukubwa wa mwajiri wako. Kama ana wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya kazini ndiyo inayolipa kwanza, na unaweza kuahirisha Sehemu B bila adhabu mpaka utakapoacha kazi. Bima ya mume au mke ambaye bado yuko kazini nayo inakubalika. Kama mwajiri ana watu chini ya 20, Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza kuanzia unapotimiza 65. Adhabu ya kuchelewa hutapata, lakini bima ya kazini inaweza kusema, “Sisi ni wa pili, wa kwanza yuko wapi?” na ukaachiwa bili ya hospitali. Nasema hivi kwa sababu mawakala wengi wanaotuajiri katika utunzaji wa majumbani ni wadogo. Usibahatishe idadi. Nenda kwa afisa utumishi au mwenye kampuni, muulize wazi: kwa mtu wa miaka 65, bima yetu inalipa ya kwanza au ya pili? Na jibu akupe kwa maandishi.

Sehemu A, ikiwa ni ya bure kwako, ichukue unapotimiza 65 hata kama unafanya kazi. Mmoja tu ndiye wa kusita: anayeweka fedha katika akaunti ya akiba ya matibabu, HSA. Ukishaingia Medicare huruhusiwi kuchangia akaunti hiyo, na ukijiandikisha baada ya 65, Sehemu A inarudishwa nyuma hadi miezi sita. Basi simamisha michango miezi sita kabla ya kuomba.

Siku ukiacha kazi, unapewa miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B bila adhabu. Inahesabiwa tangu kazi ilipokoma au bima ya kazini ilipokoma, lolote litakalotangulia. Hapa kuna mtego ambao umewanasa watu wenye elimu na wasio nayo. Ukiacha kazi, kampuni inakuletea karatasi ya COBRA, kwamba unaweza kuendelea na bima ileile miezi 18 ukilipa mwenyewe. Kadi ni ileile, daktari ni yuleyule, kwa hiyo unaona hakuna kilichobadilika. Lakini COBRA si bima ya mtu aliye kazini. Haisimamishi ile miezi minane. Bima ya wastaafu nayo haiisimamishi, wala ya soko la bima la serikali. Mtu anamaliza miezi 18, anakwenda kuomba Sehemu B, anaambiwa nafasi yake ilipita miezi kumi iliyopita. Asubiri kipindi cha kati ya 1 Januari na 31 Machi, ndipo waliochelewa wanapopokelewa. Ndani ya kusubiri huko hana bima ya daktari. Na katika ile miezi 18 yenyewe, COBRA inaweza kukataa kulipa fungu ambalo Medicare ingelilipa kama angekuwa nayo.

Adhabu ya Sehemu B ni asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na inadumu kwa kadiri utakavyokuwa na Sehemu B, kwa wengi maana yake ni mpaka kufa. Malipo ya kawaida mwaka huu ni dola 202.90 kwa mwezi. Aliyechelewa miaka mitatu anaongezewa karibu dola 61 juu yake, kila mwezi, na kiwango cha kawaida kikipanda adhabu nayo inapanda. Sehemu D ina adhabu yake: asilimia 1 ya kiwango cha msingi cha taifa, ambacho mwaka huu ni dola 38.99, kwa kila mwezi uliokaa bila bima ya dawa inayokubalika, ukipitisha siku 63 mfululizo. Ndiyo maana hata mzee asiyemeza kidonge chochote namshauri achukue mpango wa dawa ulio rahisi kuliko yote katika jimbo lake. Ana sababu nyingine pia: kutokana na sheria ya 2022, kuna kikomo cha fedha anazotoa mtu mfukoni kwa dawa zilizo kwenye mpango wake, na mwaka 2026 kikomo hicho ni dola 2,100. Mwenye saratani anajua uzito wa jambo hilo.

Nimekuja na fomu mbili ili mzione, zipitisheni. Hii ni CMS-40B, ombi la Sehemu B kwa mtu ambaye tayari ana Sehemu A. Hii nyingine ni CMS-L564, na ndiyo inayowakwamisha watu. Ina fungu la juu unalojaza mwenyewe: jina la mwajiri, jina lako, namba yako ya Social Security. Fungu la chini anajaza mwajiri: bima ya kikundi ilianza lini, ilikoma lini, kazi ilianza lini, ilikoma lini, kisha anatia saini. Bila fungu hilo ofisi haijui kama ulikuwa na bima ya kazini tangu ulipotimiza 65. Sasa fikirini wakala mdogo aliyefunga ofisi na kuhamia jimbo jingine. Nani atasaini? Ikitokea hivyo, unaweza kuwasilisha ushahidi mwingine: karatasi za mshahara zinazoonyesha makato ya bima, W-2, kadi ya bima yenye tarehe ya kuanza. Lakini uwe nazo. Mimi nawaomba kila anayefikisha 65 akiwa kazini aende dukani anunue bahasha kubwa, na kila mwisho wa mwaka atie ndani karatasi moja ya mshahara yenye makato hayo. Na ukiacha kazi kwa amani, peleka L564 ijazwe wiki ileile ya mwisho, wangali wanakujua kwa sura. Ukibadilisha kazi baada ya 65, chukua moja kwa kila mwajiri.

Ukishaingia Sehemu B, hesabu nyingine ya muda inaanza, na hii ndiyo isiyotangazwa kabisa. Medicare ya kawaida inaacha pengo: mwaka huu unatoa dola 1,736 kila unapolazwa kwa kipindi kipya cha ugonjwa, dola 283 kwa mwaka kabla Sehemu B haijaanza kulipa, na baada ya hapo asilimia 20 ya gharama za daktari isiyo na kikomo. Kuziba pengo hilo kuna njia mbili. Ya kwanza ni bima ya nyongeza, Medigap, unayolipia kila mwezi kwa kampuni binafsi. Ya pili ni Medicare Advantage, ambayo mara nyingi haina malipo ya ziada ya mwezi na inakupa meno na miwani, lakini inakufunga kwa madaktari wa mtandao wake, na inakutaka uombe kibali kabla ya matibabu mengi.

Kwa miezi sita ya kwanza tangu unapokuwa na 65 na Sehemu B, kampuni ya Medigap hairuhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya kisukari au presha. Miezi hiyo ikipita, katika majimbo mengi inaweza kukuuliza maswali ya afya na kukataa. New York, Connecticut, Massachusetts na Maine zina ulinzi zaidi. Advantage unaweza kuingia karibu kila mwaka, kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba. Kwa hiyo anayeanza na Advantage akiwa mzima, akitegemea kuhamia Medigap atakapougua, anaweza kukuta njia ya kurudi haipo. Maoni yangu, na nasema ni yangu: mwenye uwezo wa kulipia Medigap na ana ugonjwa wa kudumu aanze nayo. Asiye na uwezo asione haya kuchukua Advantage, ila kwanza apige simu kwa daktari wake na kuuliza kama yumo kwenye mtandao wa mpango huo. Asimwulize dalali aliyekuja na zawadi ya kadi ya duka.

Na kwetu kuna jambo jingine la kupima: sisi tunakwenda nyumbani. Medicare ya kawaida, isipokuwa kwa hali chache mno, hailipi kitu ukiugua Mombasa, Dar es Salaam au Goma. Mipango kadhaa ya Medigap, kama G na N, inalipa asilimia 80 ya dharura nje ya nchi katika siku 60 za kwanza za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, na kikomo chake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Ni msaada wa kweli kwa aliyekwenda mazishini akapata kiharusi. Kwa upande wa Advantage, ukikaa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida unaondolewa. Wazee wanaokwenda Desemba na kurudi Agosti walijue hilo kabla ya kukata tiketi. Na anayerudi kujenga na kukaa moja kwa moja atalazimika kuamua: aendelee kulipia Sehemu B asiyoitumia, au aiache akijua kwamba akirudi kutibiwa huku atangoja dirisha la Januari na atalipa adhabu. Mwenye ugonjwa wa moyo na watoto walio huku, kwa kawaida mimi namwambia aendelee kulipa.

Nimalizie na wazazi walioletwa na watoto, na ndugu wakimbizi.

Mzazi aliyekuja na grin kadi baada ya 65, bila krediti na bila mwenzi mwenye krediti, anaruhusiwa kununua Medicare baada ya kuishi Marekani miaka mitano mfululizo. Anaweza kununua Sehemu B peke yake bila A. Dirisha lake la miezi saba linahesabiwa kutoka pale anapotimiza miaka hiyo mitano, kwa hiyo andikeni tarehe ya kuingia ukutani jikoni. Akirudi kukaa nyumbani alikotoka muda mrefu katikati, hesabu inaweza kukatika. Kama kipato chake ni kidogo, jimbo linaweza kumlipia Sehemu B kupitia mipango inayoitwa Medicare Savings Programs, na jimbo likilipa, adhabu ya kuchelewa inafutwa. Kwa dawa upo msaada unaoitwa Extra Help, nao unafuta adhabu ya Sehemu D. Nimeona wazee wanaogopa kuomba kwa kudhani adhabu yao imekuwa kubwa mno. Waombe tu.

Kwa wakimbizi na waliopewa hifadhi, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha mambo. Medicare sasa ni ya raia, wenye grin kadi, na makundi machache mengine ambayo watu wetu hawamo. Mkimbizi ambaye hajapata grin kadi hawezi kuingia, hata awe amekatwa kodi miaka 20 na kutimiza krediti 40. Waliokuwa tayari ndani bila grin kadi au uraia wataondolewa ifikapo 4 Januari 2027. Naona ni jambo gumu kulikubali, kumkata mtu kodi ya bima ujana wake wote na kumnyima uzeeni, na naamini jumuiya zetu zina haki ya kuwaambia wawakilishi wao hivyo. Lakini wakati tunasema, mzee aliye katika hali hiyo aende kwa wakili wa uhamiaji mwezi huu, asingoje barua.

Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare wasiouza bima yoyote. Mpango wao unaitwa SHIP. Namba ya Medicare ni 1-800-633-4227, na ya Social Security ni 1-800-772-1213. Ukipiga, sema neno “Swahili” na usubiri. Mkalimani ni bure, na ni haki yako. Usimtumie mjukuu wa miaka kumi kutafsiri habari za adhabu na tarehe. Na Medicare na Social Security hawakupigii simu kukuomba namba ya kadi yako, kwa hiyo anayekupigia kuiomba mkatie.

Sasa karibuni kwa maswali. Fomu za 40B na L564 ziko kwenye meza ya nyuma, karibu na chai. Aliyekuja na barua yoyote ya Social Security aitoe, tuisome pamoja kabla hajaondoka.